Wageni Wengi, Wanunuzi Wachache

Katika mtaa wa Biryogo, mjini Kigali, ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni, zimo njia zilizofungwa kwa magari mwaka 2021 ili watu wapate kuketi nje, kula na kunywa. Mwenye meza ya chai mahali hapo hajidanganyi. Wapitao ni wengi. Waketio na kulipa ni wachache. Hesabu hiyo huifanya kwa macho.

Duka la kwenye intaneti halina nafasi hiyo, kwani wapitao hawaonekani. Mathalani, mke wa askari ashonaye nguo na kuziuza kwa njia ya tovuti aweza kufurahi aambiwapo kwamba tovuti yake imetembelewa na watu 400 kwa mwezi. Furaha hiyo yaweza kumshawishi atoe sehemu ya mshahara wa nyumba kulipia matangazo zaidi. Kabla ya kutoa fedha hizo, yampasa aulize: katika hao 400, wangapi walinunua? Ikiwa walinunua 8, basi 8 hugawanywa kwa 400, na jibu huzidishwa kwa 100. Kiwango chake ni asilimia 2.

Programu za kuhesabu ziara hizo zipo, na baadhi hazilipiwi. Google Analytics ilianza mwaka 2005, na Matomo mwaka 2007. Hata hivyo, programu hailijui lengo la duka mpaka ielezwe. Kwa hiyo alama huwekwa kwenye ukurasa wa shukrani, uonekanao baada ya malipo. Pale ambapo wateja huagiza kwa simu, alama huwekwa kwenye kitufe cha kupiga simu; lakini mauzo yenyewe hayana budi kuandikwa daftarini, kwa maana kubonyeza si kununua.

Yafaa pia kuchunguza mahali ambapo wageni hukatia safari. Iwapo 60 walichagua nguo, na 52 wakaondoka walipoiona gharama ya kupelekewa mzigo, kasoro haimo katika matangazo. Kuyaongeza ni kutia maji katika mtungi uliotoboka. Heri kwanza kuitazama upya gharama hiyo.

Tahadhari zipo. Ziara za jamaa wa mwenye duka zisihesabiwe. Idadi ndogo isiharakishe hukumu: wanunuzi 8 mwezi huu na 11 mwezi ujao huenda ikawa ni bahati tu. Aidha, Rwanda ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi mwaka 2021. Ni haki ya mgeni kuarifiwa kwamba nyendo zake kwenye tovuti zinaandikwa.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mitambo imebadilika, lakini usia huo ungali palepale: nyumba ijuayo hesabu yake haitupi mshahara wake gizani.