Jina la Kejeli Si Jibu la Hoja

Waingereza wana ghala kubwa la majina ya kumkejeli mtu anayeshikilia ya kale. Humwita "fogey", "fuddy-duddy", "dinosaur" au "stick-in-the-mud", yaani aliyekwama topeni. Majina haya si ya lugha rasmi. Ni ya mitaani na mezani, na aghalabu husemwa kwa kicheko. Hata hivyo, mwanaisimu hana budi kuuliza: kicheko hicho hufanya kazi gani?

Zisikilizeni sauti za "fuddy-duddy". Vina vyake huchekesha kabla maana haijafika, na anayeitwa hivyo huwa amekwisha shindwa bila ya kujibiwa. "Dinosaur" nalo liliundwa na mtaalamu Richard Owen mwaka wa 1842 kuwataja wanyama waliotoweka. Leo huvishwa binadamu aliye hai, kana kwamba naye ametoweka.

Mfano ulio bayana zaidi ni "Luddite", jina la mtu anayedhaniwa kuogopa mitambo. Wafumaji wa soksi wa Nottinghamshire walioanza kuvunja mashine mwaka wa 1811 walikuwa mafundi waliozitumia mashine kila siku. Walichokipinga ni ujira kushushwa na kazi hafifu iliyowaharibia soko. Mwaka wa 1812 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu wavunjaji hao wanyongwe. Hoja yao ikazikwa, likabaki jina la dhihaka.

Nasi Wakenya tumeujua mchezo huo. Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa 2013, upande mmoja ulijiita wa "dijitali" na kuwabandika wapinzani wake jina la "analogi". Neno hilo halikukawia kuingia madarasani, akabandikwa mwalimu anayesisitiza insha iandikwe kwa mkono.

Nakiri kwamba mimi pia nimo. Katika kikao kimoja cha idara, mwenzangu aliyenizidi umri alipinga mitihani yote kufanywa kwa tarakilishi. Nilimwita "fossil". Kikao kikacheka, pendekezo likapita. Mtihani ulipowadia, baadhi ya wanafunzi waliokuwa makwao vijijini, ambako umeme si wa kutegemewa, hawakuweza kuufanya. Mzee yule alikuwa ametaja jambo hilo hilo, nami nikamjibu kwa jina. Nilimwendea nikamwomba radhi, naye akanipokea kwa upole. Lakini wanafunzi wale walikuwa wamekwisha poteza muhula.

Sisemi kwamba kila la kale ni jema. Wazee nao wana silaha yao. Kijana akihoji, huambiwa, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na mjadala ukafungwa papo hapo. Methali ikitumiwa hivyo haina tofauti na "fuddy-duddy": zote mbili hupima umri wa msemaji badala ya uzito wa neno lake.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi, tujiwekee kanuni moja katika midahalo yetu. Anayetaka kumwita mwenzake mtu wa kale, au mtoto, kwanza aieleze hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe ataikubali. Akishindwa, basi aliyekwama topeni ni yeye.