Aliyeshuka Ngazi Akaendelea Kutumika



Mwezi Mei 2025 bendera zilipepea nusu mlingoti nchi nzima kwa siku 7. Mzee Cleopa David Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, alifariki dunia tarehe 7 jijini Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 94, akazikwa kwao Usangi, juu ya Milima ya Upare, tarehe 13. Usangi leo ipo wilaya ya Mwanga, lakini sisi wa Same hatuwezi kumwita mtu wa mbali. Hadi mwaka 1979 Same na Mwanga zilikuwa wilaya moja, wilaya ya Pare. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mkristo wa Kilutheri. Hilo halituzuii kujifunza kwake.

Kama ilivyo desturi ya misiba yetu, vyeo vyake vilitajwa kimoja baada ya kingine. Katika orodha hiyo upo mwaka ambao watu huupita haraka, nao ni 1983. Sisi tunaona somo lipo hapo.

Msuya alikuwa Waziri Mkuu tangu Novemba 1980. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, maduka yalikuwa matupu, na sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni. Februari 1983 Mwalimu Nyerere alimrudisha Edward Sokoine kwenye nafasi hiyo, naye Msuya akapewa Wizara ya Fedha, wizara aliyoiongoza kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Jana alikuwa akiwaongoza mawaziri wenzake, leo akaketi miongoni mwao chini ya mwingine. Aliendelea na kazi. Zaidi ya miaka 11 baadaye, Desemba 1994, Rais Mwinyi alimteua tena kuwa Waziri Mkuu. Kipindi hicho kilipokwisha mwaka 1995 alishuka tena, akabaki mbunge wa Mwanga hadi mwaka 2000. Baada ya hapo aliishi miaka 25 akiwa mstaafu.

Atakuwepo wa kusema: hiyo ni siasa tu, mawaziri hubadilishwa kila siku, msimfanye mtu mtakatifu kwa sababu alihamishwa wizara. Ni kweli. Wala hatusemi kwamba kila alichokisimamia kilipendwa. Mwaka 1986, yeye akiwa Waziri wa Fedha, serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, thamani ya shilingi ikashushwa, na wananchi wengi waliumia kwa bei kupanda. Hukumu ya uchumi tunawaachia wachumi. Sisi tunasema jambo dogo zaidi: kuteuliwa na kuondolewa kulikuwa mikononi mwa Rais, lakini namna ya kupokea ilikuwa mikononi mwake mwenyewe.

Darasani tunamsoma Aristotle, anayefundisha kwamba anayetaka kutawala vizuri ajifunze kwanza kutawaliwa. Ni rahisi kuliandika hilo kwenye mtihani. Tazameni sasa parokiani. Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo akishindwa uchaguzi, jumuiya nayo haimwoni tena, na michango yake inakoma. Kiongozi wa kwaya akibadilishwa, anahamia kwaya nyingine na wenzake watatu. Nasi mafrateri tusijitoe. Tunazungumza mno kuhusu nani atakuwa paroko wapi, na kidogo mno kuhusu siku ambayo askofu atamwambia mmoja wetu: baba, umekuwa paroko miaka 10, sasa nenda ukawe paroko msaidizi kwa kijana uliyemfundisha wewe. Siku hiyo ndipo itajulikana kama tulipewa daraja au tulitafuta cheo.

Huku Upareni wazee wetu walikuwa na shule ya jambo hili, nayo ni msaragambo. Barabara ikiharibika, mfereji ukiziba, shule ikihitaji madarasa, watu huitwa na kila kaya hutoa mtu. Pale anayesifiwa ni yule aliyeleta jembe. Aliyeongoza safari iliyopita, safari hii anaweza kuwa anabeba mawe. Tena mtu haendi kwenye msaragambo kwa jina lake tu, anakwenda kwa niaba ya nyumba yake. Ndiyo maana hatupendi kumgawa mtu mara mbili, kwamba huyu ni mtumishi wa jamii na yule ni baba wa familia. Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo anauliza wazi jinsi mtu atakavyolitunza Kanisa la Mungu ikiwa nyumba yake imemshinda. Cheo kina tarehe ya mwisho, lakini ubaba hauna. Mzee aliyeifanya nyumba yake kuwa gesti wakati wa madaraka, akistaafu anajikuta mgeni mbele ya watoto wake.

Mwaka 1956, kijana Msuya, akiwa amehitimu Makerere, alianza kazi katika idara ya maendeleo ya jamii. Kazi ya bwana maendeleo ni kukaa na watu na kuwahimiza wajenge vyao kwa mikono yao. Haina king'ora wala msafara. Tunadhani mtu aliyeanzia hapo ana pa kurudi anaposhushwa. Tatizo ni yule aliyeanzia kwenye kiti.

Basi tunawaomba ninyi waamini mtuombee, lakini pia mtupime mapema. Frateri akija likizo, mpeni ufagio wa kanisa kabla ya kumpa kipaza sauti. Nanyi akina baba mlioondoka kwenye uongozi wa jumuiya, rudini Jumamosi hii. Mkae kwenye benchi la nyuma kama hamtaki la mbele, lakini rudini.

Mzee Msuya apumzike kwa amani.