Kelele za Ekzosi na Haki ya Kulala

Mji wa Tanga una sifa usiyoitafuta: ni mji wa baiskeli. Mgeni akifika huona watu wakienda kazini, sokoni na shuleni kwa magurudumu mawili yasiyotoa sauti ila ya kengele. Lakini mtu alalaye leo katika barabara zenye namba za Ngamiani, au Chumbageni, au Mabawa, ajua ya kuwa usiku wa mji huu umepata bwana mwingine. Saa saba ya usiku hupita pikipiki moja ambayo bomba lake la moshi, yaani ekzosi kama tusemavyo sote, limetobolewa au limekatwa. Kwa pikipiki hiyo moja huamka mtaa mzima: mtoto mchanga, mzee mgonjwa, na mfanyakazi atakiwaye bandarini alfajiri.

Twataka kulisema jambo hili bila hasira, maana wanaolaumiwa ni vijana wetu wenyewe. Kazi ya bodaboda imewapa riziki watu wengi ambao hawakupata ajira ofisini wala kiwandani, na kanuni za mwaka 2010 ziliitambua kuwa kazi halali ya kuchukua abiria. Hatuandiki ili kumfukuza mtu barabarani. Twaandika kwa sababu mfanyakazi mmoja hana ruhusa ya kuchuma riziki yake kwa usingizi wa mfanyakazi mwenziwe.

Kwanza yafaa tuelewe kitu chenyewe. Injini ya pikipiki huchoma petroli ndani ya silinda, na kila mchomo hutupa moshi nje kwa kishindo. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutoa vishindo 50 kila sekunde. Kazi ya sailensa ni kuvituliza vishindo hivyo. Ndani yake mna vyumba na mirija yenye matundu, na katika nyingine pamba ya kioo. Sauti hugonga kuta, hurudi, hukutana na sauti ijayo, nazo hudhoofishana. Nyingine humezwa na pamba. Fundi akivitoa vyumba hivyo, haongezi kitu katika chombo. Aondoa tu kile kilichokuwa kikitulinda.

Vijana husema ya kwamba ekzosi iliyo wazi huongeza nguvu. Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ndogo, za sentimeta za ujazo 100 hadi 150, na mtengenezaji aliipima ekzosi yake pamoja na kabureta yake. Ukibadili moja na kuiacha nyingine, mchanganyiko wa hewa na petroli waweza kuharibika, na mara nyingi nguvu ya kuondokea hupungua badala ya kuongezeka. Wazee walikwisha kusema: debe tupu haliachi kuvuma. Wengine husema kelele huwaokoa na ajali, kwa kuwa wenye magari huwasikia. Lakini mdomo wa ekzosi hutazama nyuma, na dereva wa lori aliyefunga vioo yu mbele. Taa, honi na mwendo wa kiasi ndivyo vimlindavyo mtu.

Tena mtu wa kwanza kuumia ni mwendeshaji mwenyewe. Kelele hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakihesabiwi kama kilo za unga: desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hupendekeza mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Zikiongezeka 3, muda huo hukatwa nusu. Basi kwenye 88 ni saa 4, na kwenye 94 ni saa 1 tu. Kijana akaaye juu ya ekzosi iliyotobolewa tangu asubuhi hata usiku aweka rehani masikio yake, na sikio lililokufa kwa kelele halifufuki.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zimeweka mipaka. Nje ya nchi, kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa huzitaka pikipiki mpya zisizidi desibeli 73 hadi 77, kwa kadiri ya nguvu zake, zikipita mbele ya kipimo kilicho umbali wa meta 7.5. Kwa hiyo chombo hutoka kiwandani kikiwa kimya kiasi. Sisi ndisi tunaokiharibu, kisha twalipa tena kukitengeneza.

Sasa swali ni nani alipe. Mara nyingi aendeshaye si mwenye pikipiki. Hupeleka hesabu kwa tajiri wake kila siku. Pikipiki ikizuiliwa kituoni, tajiri hukosa hesabu, lakini kijana hukosa chakula. Twaona, basi, ya kuwa haki ni hii: amri ya kwanza iwe ya kutengeneza, kwa muda uliowekwa, na adhabu ije kwa mkaidi. Mwenye chombo na fundi aliyekata wabebe sehemu yao. Tena kelele ipimwe kwa mashine, isihukumiwe kwa sikio la mtu mmoja. Njia yajulikana: kipimo huwekwa nusu meta kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, mahali pa wazi pasipo kelele nyingine, injini ikizungushwa kwa kasi iliyopangwa. Namba hiyo isilinganishwe na ile ya meta 7.5, maana sauti iliyo karibu ni kubwa siku zote.

Matengenezo yenyewe si makubwa. Aliyehifadhi ekzosi ya asili na airudishe. Gasketi iliyoungua ibadilishwe, ufa uchomelewe, pamba ya kioo iliyokwisha ijazwe upya, na kipande cha ndani kilichotolewa kirudi mahali pake. Lakini kuziba mdomo kwa bati si dawa. Moshi ukikosa njia, injini hupata joto na hupoteza nguvu.

Wala tusijifanye watakatifu. Anayemkemea kijana wa bodaboda aangalie na vipaza sauti vya baa, vya arusi na vya mikutano ya hadhara, ikiwamo mikutano yetu sisi wenye vyama. Mgonjwa aliyelala Bombo haulizi kelele imetoka kwa nani. Sheria ikiwashika wanyonge peke yao, watu wataiona kuwa ni uonevu, nao watakuwa na haki.

Twawaomba viongozi wa vijiwe vya bodaboda, toka Tanga hata Muheza na Pangani, waanze wenyewe kabla askari hajaja. Kijiwe kinachokubaliana kuwa ekzosi iliyokatwa haisimami hapa, kitapata heshima ya abiria na ya majirani. Mji huu ulijifunza zamani kwenda mbali kwa magurudumu mawili bila kumwamsha mtu, nao waweza kujifunza tena.