Dada, hujadukuliwa! Muombe ex wako msamaha

Leo sina habari za nani kaachana na nani. Au niseme ninazo, ila zina funzo ndani yake.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, mnamjua kwa mawigi na safari za Dubai. Juzi kati kapanda mtandaoni analia kwamba laptopu mpya aliyozawadiwa na ex wake ina mdudu wa kumchunguza. Ushahidi wake? Kaweka bando la GB 10 usiku, kalala, asubuhi kaamka limebaki sifuri. Basi! Kufika mchana kaka wa watu keshatukanwa mpaka ukoo. Wengine wanataka afukuzwe kazi, wengine wanaandika "polisi mko wapi?"

Mimi nauliza swali moja tu: kuna mtu yeyote aliyefungua hiyo laptopu akaangalia? Hamna. Kazi ikawa kushea na kutukana.

Nawaambia kwa sababu yalinikuta. Nilinunua kompyuta ya nyumbani, mpya kwenye boksi, nikaiunganisha na hotspoti ya simu. Siku ya pili bando limeyeyuka. Na mimi akili ikaenda hukohuko: nimeingiliwa! Nikamuwaza mpangaji mwenzangu, nikamuwaza hadi mdogo wangu wa kiume. Bahati nzuri kabla sijafungua mdomo nikaamua kufuatilia.

Na kufuatilia hakuhitaji shahada. Kama unatumia Windows, andika Resource Monitor pale pa kutafutia, ifungue, nenda sehemu ya Network. Hapo utaona kila programu inayoongea na intaneti, inaongea na anwani ipi, inatuma kiasi gani na inapokea kiasi gani. Funga kila kitu ulichofungua wewe, halafu kaa uangalie nani bado anahangaika. Ukitaka hesabu ya siku nyingi, kwenye Settings kuna ukurasa wa Data usage unaoonyesha kila programu imekula kiasi gani.

Mimi niliwakuta wezi wawili. Wa kwanza, programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ilikuwa inapandisha picha na video zangu zote, moja baada ya nyingine. Nilibonyeza "ndiyo" siku ya kwanza bila kusoma. Wa pili ndo alinichosha: kijana wa dukani aliniwekea muvi "za ofa" na akaiacha humo programu ya torenti. Kila nikiwasha kompyuta inajiwasha yenyewe, inawagawia watu nisiowajua hizo muvi kwa bando langu. Mpangaji mwenzangu wala hakuhusika jamani.

Kuna na wa tatu ambaye wengi hamumjui. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, toleo la nyumbani lilikuja na kipengele cha Delivery Optimization kikiwa kimeshawashwa. Kazi yake: kompyuta yako ikishapakua masasisho, inaweza kuyarusha kwa kompyuta za watu wengine kwenye intaneti. Yaani unakuwa kituo cha usambazaji bila mshahara! Kinazimwa kwenye Settings. Na kubwa zaidi, laptopu ikiunganishwa kwa waifai huwa inadhani intaneti yako haina kikomo, haijui kwamba ni hotspoti ya bando la jero. Ingia kwenye waifai yako, washa kile kitufe cha Metered connection, ndipo itajizuia.

Hapa ndo hasira yangu ilipo. Hawa watengenezaji wanatuuzia mashine zilizopangwa kana kwamba kila mtu ana faiba ya mwezi mzima. Kila kitu kimewashwa, halafu kazi ya kuzima wanatuachia sisi. Na wenye maduka nao waache kutujazia vitu ambavyo hatujaomba. Nikinunua kitu kipya nataka kipya kweli.

Najua kuna atakayesema, "Kwa hiyo udukuzi haupo?" Upo sana. Na kompyuta mpya inaweza kuja na uchafu tokea kiwandani. Mwaka 2015 ilibumburuka kwamba baadhi ya laptopu za Lenovo zilikuwa zinauzwa na programu iitwayo Superfish, ambayo iliingilia hata mawasiliano ya siri ya mtumiaji ili kumpenyezea matangazo. Mwaka 2017 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32 ya Marekani. Lakini angalia walivyokamatwa: watu walifungua mashine, wakachunguza, wakaonyesha ushahidi. Hakuna aliyeanza na kulia laivu.

Kwa hiyo dada yetu, ukikuta programu usiyoielewa inatuma data usiku kucha, piga picha ya skrini, peleka kwa fundi unayemuamini, na ikithibitika kwamba ni uchunguzi nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Ila sheria hiyohiyo inaweza kukugeukia na wewe ukisambaza uongo kuhusu mtu.

Bando la GB 10 unanunua tena kesho. Jina la mtu aliyechafuliwa mbele ya mji mzima, duka linalouza sijaliona. Kama huyo kaka alikukosea kwenye mapenzi, mseme kwa hayo hayo ya mapenzi. Hili la laptopu, mpaka utakapoonyesha ushahidi, unamdai bure. Futa ile posti, muombe radhi.

Na nyie mliotukana ukoo wa watu, nanyi mpo. Haya, dondosheni komenti: nani alishawahi kumshika mwizi wa bando ndani ya kompyuta yake mwenyewe?