Andika Ulilotenda Siku ya Taabu

Katika mkoa huu wa Kigoma wamo wafanyakazi wengi ambao taabu imewapima ikawaona imara. Wapo wenye mitumbwi, wauguzi, makarani, wakalimani, madereva na wapishi waliosimama kazini siku ambazo hapakuwa na maagizo, hapakuwa na vifaa, wala hapakuwa na muda. Lakini ukizisoma barua zao za kuomba kazi, pamoja na yale maelezo ya mtu na kazi zake ambayo vijana huyaita sivii, hutaona hata chembe ya habari hiyo. Hiyo ni hasara kwa mfanyakazi mwenyewe, na ni hasara kwa taifa, ambalo lahitaji kuwajua watu wake walio hodari.

Na tuanze na jambo ambalo watu wa mwambao huu hawajalisahau. Mwezi wa Aprili 2015 machafuko yalizuka Burundi, baada ya chama tawala cha huko kumteua Rais Pierre Nkurunziza agombee kipindi cha tatu. Watu walikimbia, na wengi waliteremkia kijiji cha Kagunga, kilicho ufukoni mwa Ziwa Tanganyika karibu kabisa na mpaka. Kijiji hicho kimebanwa baina ya maji na mlima mkali. Hakifikiwi ila kwa chombo cha majini, au kwa miguu kupita mlimani. Katikati ya Mei Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema kuwa zaidi ya watu 50,000 wamekusanyika ufukoni hapo. Ndipo kipindupindu kilipoingia. Hadi tarehe 22 Mei vifo 31 vilikuwa vimehesabiwa, wawili wao wenyeji, na walioambukizwa walikisiwa kufikia 3,000.

Njia ya kuwaokoa ilikuwa ziwa. Meli ya Liemba, iliyounganishwa hapa Kigoma mwaka 1915 na yenye nafasi ya abiria wapatao 600, ilitia nanga mbali na ufuko, na mitumbwi ya wavuvi ikawapeleka watu melini. Walipofika Kigoma waliwekwa kwanza katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Katika kila hatua ya safari hiyo zilihitajika akili na mikono ya watu: wa kupanga nani atangulie mtumbwini, wa kutia dawa katika maji, wa kufasiri maneno ya mgonjwa, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na wa kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao.

Miaka imepita. Mwaka 2025 fedha za misaada ya wakimbizi zilipunguzwa duniani kote, na mashirika yakapunguza watumishi. Mtu aliyetumika kambini miaka kumi sasa anatafuta kazi bandarini, hospitalini au katika reli. Anaketi ili aandike maelezo yake. Je, anaandika nini? Anaandika kwamba ana uwezo mkubwa wa kutatua matatizo, na kwamba aweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila ya kusimamiwa. Maneno hayo hayo ameyaandika kijana aliyemaliza chuo mwezi uliopita, ambaye taabu kubwa aliyopata kuiona ni umeme kukatika usiku wa kuamkia mtihani. Mwajiri atawatofautishaje watu hawa wawili?

Sababu za kosa hili zajulikana. Ya kwanza ni kunakili. Mtu huingia katika duka la kuchapa, akapewa karatasi ya mtu mwingine, akabadilishiwa jina na tarehe ya kuzaliwa, akatoka akidhani amejieleza. Ya pili ni adabu. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, na ya kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni njema, lakini maneno yake ni ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi huiona bidhaa kwa macho yake mwenyewe. Mwajiri aliye Dodoma hakuwapo Kagunga, asipoambiwa hatajua. Ya tatu ni dhana kwamba kazi isiyoleta cheti si kazi. Hiyo ni dharau juu ya jasho letu wenyewe.

Basi, mtu aandikeje? Twaona yapo mambo manne yasiyofaa kukosekana. Kwanza, aitaje taabu yenyewe: mahali, mwezi, mwaka, na ukubwa wake. Pili, aseme yeye alikuwa nani pale na alikabidhiwa kazi gani. Tatu, aseme aliamua nini na akatenda nini, kwa maneno ya kazi: nilihesabu, niligawa, nilitenga, niliomba. Nne, aseme matokeo yalikuwa nini, pamoja na lile ambalo halikufanikiwa.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga wenyewe ili kuonyesha njia. Mtu aliyesimamia upakiaji aweza kuandika hivi: "Mei 2015, Kagunga. Nilikuwa msimamizi wa foleni ya mitumbwi iendayo melini, pamoja na wenzangu wanne. Watu walikuwa wakiivamia mitumbwi, na mmoja ulikaribia kuzama. Tulitenga ufuko kwa kamba, tukawatanguliza wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga. Mimi nilipendekeza kila mtumbwi uandikwe idadi ya watu usiyoweza kuizidi, na mkubwa wetu akakubali. Tangu siku hiyo hakuna mtumbwi wa zamu yetu uliopakia kupita kiasi. Siku mbili za kwanza jamaa nyingi zilitengana. Tuliweza kulizuia jambo hilo tulipoanza kupakia kwa orodha za kaya."

Katika maneno hayo hapana sifa hata moja. Mwandishi hakusema kwamba yeye ni shujaa, wala kwamba ni mwepesi wa kufikiri. Lakini msomaji amekwisha kujua kwamba mtu huyu huona hatari mapema, hutafuta dawa iliyo rahisi, hufuata ngazi za uongozi, na hujifunza kwa makosa. Sifa hutoka kinywani mwa msomaji, na hapo ndipo pake.

Wala mtu asidhani kwamba ni lazima awe alikuwako Kagunga. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2020 na 2021 na kuvamia majengo ya mwambao, mtunza ghala aliyehamisha mali kabla haijaloa alitatua taabu. Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, mama anika-dagaa aliyekitunza kikundi chake kisivunjike, akatafuta biashara nyingine ya kuvukia miezi hiyo, na hesabu zikabaki safi, alitatua taabu. Na ayaandike hayo, pamoja na tarehe na hesabu zake.

Hapa lakini lipo onyo. Kazi ya siku ya taabu haifanywi na mtu mmoja. Asemaye "mimi" mahali palipostahili "sisi" anaiba jasho la wenzake, na siku ya mahojiano ataumbuka atakapoulizwa swali la tatu. Na asemaye "sisi" kila mahali hujificha, hata mwajiri asijue yeye alifanya lipi. Iliyo haki ni kutenganisha: hili tulilifanya pamoja, hili nililipendekeza mimi, na mkubwa wa kazi aliyeshuhudia ni fulani. Tena, majina ya wagonjwa na habari za siri za watu waliohudumiwa hazina nafasi katika karatasi ya kuombea kazi.

Njia hii ya kueleza si ngeni kwetu. Watu wa Ujiji na wamkumbuke Abdullah Susi, aliyekuwapo mjini humo mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na James Chuma na wenzao hawakuwa na mtu wa kuwaamuru. Waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe walishauriwa wauzike huko, wakakataa. Mbele ya safari walitambua kuwa wenyeji hawataruhusu maiti kupita. Waliufunga mwili upya ukafanana na mtumba wa nguo, na mzigo mwingine wa hadaa wakaurudisha nyuma kana kwamba ndio maiti. Februari 1874 waliwasili Bagamoyo.

Kama kuna uhodari wa kukabili taabu, ndio huo. Nasi twaujua kwa kuwa ulielezwa tendo kwa tendo. Mwenzao Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko India, aliandika habari za safari hiyo. Susi na Chuma walimsimulia Horace Waller, naye akayatia maneno yao katika kitabu kilichotolewa London mwaka ule ule wa 1874. Lakini jina lililokaa juu ya jalada lilikuwa la Livingstone. Mfanyakazi wa leo asingoje mtu mwingine aje kumwandikia kazi yake.

Mzigo huu si wa mwomba kazi peke yake. Wakubwa wa kazi nao hukosea pale wanapomwaga mtumishi kwa barua isemayo tu kwamba ni mwaminifu na mwenye tabia njema. Barua kama hiyo haimsaidii mtu. Na waseme alifanya nini, lini, na kulikuwa na haja gani. Siku hizi maombi ya utumishi wa umma hupelekwa kwa mtandao kwa Sekretarieti ya Ajira, na huko mwombaji hana nafasi ya kusimama mlangoni ajieleze kwa kinywa. Karatasi ndiyo inayosema kwa niaba yake. Viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi wangefanya jambo jema kuwakutanisha vijana na wazee wa kazi, wakafundishana kuandika mambo haya kwa ukweli na kwa ufupi.

Ndugu wafanyakazi wa Kigoma na Ujiji, ninyi mmekwisha kuitenda kazi iliyo ngumu. Kuiandika ni kazi ndogo iliyobaki. Chukueni kalamu, mseme mahali, siku, tendo na matokeo yake, wala msiongeze wala msipunguze.