Kamera yenye kioo au isiyo na kioo: binti anunue ipi?



Wiki hii tunalijibu swali la mama mmoja, msomaji wetu wa Tanga. Binti yake amemaliza kidato cha nne, na kwa muda wa miaka miwili amekuwa akipiga picha kwa simu katika harusi za jamaa, upande wa wanawake. Sasa wameanza kumwita watu wasio jamaa, na wanamlipa. Mama amejiwekea akiba kutokana na biashara yake ya vitumbua, nayo yatosha kamera moja. Dukani ameonyeshwa mbili: Canon EOS 2000D iliyokwisha kutumika, kamera ya DSLR iliyoingia sokoni mwaka 2018, na Canon EOS R50 mpya, ya mwaka 2023, katika aina zinazoitwa kamera zisizo na kioo. Hiyo ya pili inaizidi akiba yake, na muuzaji amemshauri achukue mkopo wa kujazia. Mama anauliza: je, tofauti iliyopo kati ya kamera hizi yastahili kuingia deni?

Swali hili lina uzito. Katika harusi zetu za pwani, hususan usiku wa kupamba, wanawake huvua mabuibui na kukaa kwa starehe yao. Mpiga picha mwanamume hana nafasi humo, na aghalabu simu za wageni hukatazwa. Kwa hiyo binti mwenye ujuzi na uaminifu ana riziki inayomngojea. Lakini akikosea katika kununua chombo, akiba ya mama itakuwa imekwenda na kazi haijaanza.

Kwanza tuelewe kioo kinachosemwa. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo na kuingia katika chumba chenye giza. Kamera zote mbili ni chumba hicho hicho: nuru huingia kwa lenzi na kuangukia kihisi kinachoigeuza kuwa picha. Katika DSLR, mbele ya kihisi kuna kioo kilicholala mshazari, ambacho huiakisi nuru na kuipandisha juu mpaka kwenye tundu la kuchungulia. Mpiga picha akibonyeza, kioo huinuka, nuru hufika kwenye kihisi, kisha kioo hurudi mahali pake. Ndiyo maana kamera hizo hutoa ule mlio tuuzoeao. Katika kamera isiyo na kioo, kihisi hupokea nuru muda wote, na mpiga picha hutazama skrini ndogo iliyomo ndani ya tundu la kuchungulia.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Hudhani kwamba kamera mpya ina picha safi kuliko ya zamani kwa sababu tu haina kioo. Sivyo. Kamera hizi mbili zina vihisi vya ukubwa wa namna moja, na zote zina megapikseli 24. Picha iliyopigwa mchana kwa utulivu, ikichapishwa na kutiwa katika albamu, wageni wengi hawatatambua imetoka katika kamera ipi.

Hata hivyo tofauti zipo, na ni haki kuzitaja. Asiye na kioo humwonyesha mpiga picha, kabla hajabonyeza, kama picha itakuwa na giza au itazidi mwanga. Mwenye DSLR huona mambo kama jicho lilivyo, na kosa lake hulijua baada ya picha kutoka. R50 hulitambua jicho la mtu na kulifuata hata akitembea. 2000D ina nukta tisa tu za kulengea, tena zimekusanyika karibu na katikati. R50 yaweza kupiga pasipo mlio wowote, jambo la adabu wakati wa khutba ya nikaha au dua, ingawa hali hiyo ya kimya huweza kuacha michirizi pichani chini ya baadhi ya taa za umeme. Kwa video, R50 ina ubora wa 4K na tundu la kuchomekea maikrofoni. 2000D haina mojawapo, na katika video hulenga kwa kusuasua. Pamoja na betri na kadi, R50 ina uzito wa gramu 375, na mwenzake 475.

Upande wa pili, 2000D haiwashi skrini unapochungulia, kwa hiyo hula umeme kidogo. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri yake moja hupiga takriban picha 500, na R50 huishiwa mapema zaidi ukitumia tundu lake la kuchungulia. Katika sherehe inayoanza alasiri na kumalizika usiku wa manane, hilo si jambo dogo. Kadhalika lenzi zake zilizotumika zimejaa sokoni, kwani Canon ilianza kutengeneza lenzi za mdomo huo mwaka 1987.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Ukumbi wa harusi una mwanga hafifu, na mwanga huingia kwa lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na R50, ya milimita 18 hadi 45, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake hufunguka kwa f/6.3 tu, ile ya 2000D, ya milimita 18 hadi 55, hufunguka kwa f/5.6. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, hupokea nuru takriban mara kumi ya ile ya f/5.6, na mara kumi na mbili ya ile ya f/6.3. Basi 2000D yenye lenzi hii itampiga biharusi vizuri zaidi chini ya taa hafifu kuliko R50 iliyotoka dukani na lenzi yake ya mwanzo.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama ni hili. Maadamu R50 haipatikani ila kwa deni, na deni lenyewe pengine lina riba, asiichukue. Anunue 2000D, na fedha zitakazobaki anunue lenzi ya milimita 50, betri ya pili na kadi mbili za kumbukumbu. Binti ajue kwamba lenzi hiyo huona eneo finyu: ni ya nyuso, hina na mapambo. Kwa picha za kundi atumie lenzi ya mwanzo, tena kwa flashi ya nje inayoweza kuelekezwa darini. Flashi hiyo ijaribiwe kwenye kamera yenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu kamera kadhaa za daraja la mwanzo zimeondolewa kile kiguso cha katikati, na flashi nyingi za bei rahisi haziwaki juu yake. Ajizoeze pia kulenga jicho kwa nukta ya katikati, kwani kwenye f/1.8 kosa dogo huifanya pua ing'ae na jicho lififie.

Lau akiba ingetosha R50, lenzi angavu na betri ya ziada, tungesema achukue hiyo bila kusita. Tangu mwaka 2020 Canon na Nikon hawajatoa kamera mpya ya DSLR. Njia yao imeelekea kwingine. Lakini mama asihofu kwamba fedha zake zitapotea. Lenzi za DSLR za Canon hufungwa kwenye kamera zao zisizo na kioo kwa kiunganishi maalumu, nazo hulenga kama kawaida. Siku binti atakapoweza kununua kamera nyingine kwa jasho lake, lenzi atahama nayo. Lenzi mpya za R50 haziwezi kurudi kwenye 2000D.

Kwa kuwa chombo kimekwisha kutumika, kikaguliwe. Apige picha ya ukuta mweupe akiwa amebana tundu la lenzi hadi f/16, atazame kama kuna madoa. Aimulike lenzi kwa tochi: mistari kama utando wa buibui ni kuvu, maradhi ya lenzi za pwani yetu yenye unyevu. Akishanunua, aihifadhi katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.

Limebaki moja, nalo ni zito kuliko kioo na lenzi. Picha za wanawake waliojipamba ni amana. Kamera zote mbili zina nafasi ya kadi moja tu, na zote huweza kurusha picha kwenye simu bila waya. Binti asizirushe kwenye simu inayoshikwa na nyumba nzima. Asipeleke kadi kwa mtu wa kusafisha picha asiyemjua. Afahamu kwamba picha iliyofutwa kwenye kadi mara nyingi huweza kurudishwa kwa programu, kwa hiyo kadi ya kazi isiazimwe wala isiuzwe. Na asiweke hata picha moja mtandaoni kujitangaza pasipo ruhusa ya mwenyewe. Mkono uliopakwa hina, au mapambo ya ukumbi, yatosha kuonyesha ufundi wake.

Wenye harusi hawatamuuliza kamera yake ni ya mwaka gani. Watauliza kama picha zimetoka, na kama zimebaki mikononi mwa waliostahili kuziona. Akitimiza hayo mawili, ataitwa harusi ya pili na ya tatu. Mwenyezi Mungu ambariki binti huyu katika kazi yake, na amlipe kheri mama aliyemwekea akiba.