Shylock Anapobatizwa, Tunacheka Nini?

Siku hizi si ajabu kumsikia frateri akisema ameisoma *Mabepari wa Venisi*, kumbe ameitazama. Filamu ya Michael Radford ya mwaka 2004, ambamo Al Pacino ni Shylock, inatazamika hata kwenye simu. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1969, inabaki kabatini. Filamu ni nzuri, wala sisemi isitazamwe. Ila kuna kitu inatuondolea ambacho sisi tunaojiandaa kubatiza watu hatupaswi kukikosa: aibu ya kucheka.

Kisa chenyewe kinajulikana. Antonio, mfanyabiashara Mkristo, anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi, ili rafiki yake Bassanio aende kumposa Portia. Asipolipa katika miezi 3, atakatwa ratili moja ya nyama mwilini. Meli hazirudi, deni linaiva. Portia anavaa kiume, anaingia mahakamani na kumgeuzia Shylock mkataba wake: nyama akate, damu asimwage. Kisha Antonio, aliyeokolewa, anatoa sharti kwamba Shylock awe Mkristo, na mali yake irithiwe na binti yake aliyetoroka na mkwe Mkristo. Shylock anakubali, anatoka, wala haonekani tena. Sehemu yote ya 5 ni mbalamwezi, muziki na utani wa pete. Ndiyo maana mchezo huu umehesabiwa miongoni mwa futuhi za Shakespeare.

Radford hakuweza kuuacha hivyo. Anaanza kwa kutuonyesha Wayahudi wakionewa Venisi, na Antonio akimtemea Shylock mate mbele ya umati. Katika tamthilia, mate hayo tunayasikia tu Shylock anapoyakumbuka. Mwishoni filamu inamrudisha Shylock: amesimama peke yake, mlango wa sinagogi unafungwa. Mtazamaji anamhurumia, na huruma hiyo ni haki. Lakini inakuja mapema mno. Tangu dakika ya kwanza tumeshapangwa upande wa mwonewa, na wakosaji ni watu wengine, wa zamani, wa mbali.

Jukwaani mambo ni tofauti. Gratiano anamtania Shylock hata kuhusu wasimamizi wa ubatizo, na ukumbi unacheka. Muda mfupi kabla ya hapo, Portia amesifu rehema kwa maneno mazuri kuliko mahubiri mengi. Kisha rehema hiyohiyo inageuka amri: batizwa, la sivyo msamaha unafutwa. Aliyecheka anajikuta amecheka sakramenti ikitumika kama adhabu. Hakuna kamera ya kumtetea.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika *Summa* (II-II, swali la 10, kifungu cha 8), alikwisha kueleza kwamba wasiowahi kupokea imani, wakiwemo Wayahudi, wasilazimishwe kamwe kuamini, kwa sababu kuamini ni tendo la utashi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitetea uhuru wa dini katika tamko *Dignitatis Humanae* la mwaka 1965, na kanuni ya 748 ya Sheria ya Kanisa inakataza kumshurutisha mtu kuipokea imani kinyume cha dhamiri yake. Haya tunayajua kwa mtihani. Futuhi inatupima kama tunayajua kwa moyo.

Nao mtihani huo hauko Venisi tu. Huku Puge, kati ya Tabora na Nzega, tuko katika nchi ya misafara. Wanyamwezi walibeba pembe hadi pwani, na biashara ile iliendeshwa kwa mkopo: Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Tharia Topan, tajiri Mhindi wa Unguja. Mkopeshaji wa dini nyingine tunamfahamu tangu zamani. Hata leo, katika vichekesho vyetu, Mhindi mwenye duka na Kiswahili chake cha kuvunjika huchekesha kabla hajasema neno la maana. Tunacheka nini pale? Ubahili wake, au ugeni wake?

Mwalimu, aliyefundisha Shule ya Mtakatifu Maria hapa Tabora kuanzia 1946 hadi 1949, alituachia dokezo katika jina la kitabu. Shakespeare aliandika mfanyabiashara, mmoja. Mwalimu, miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, akaandika mabepari, wengi. Kwa neno hilo Shylock hakubaki peke yake kizimbani. Antonio mwenye meli, Bassanio anayefuata mke mwenye mali, na mji mzima unaoishi kwa faida, wote wameitwa. Naona hiyo ndiyo njia sahihi ya kucheka mchezo huu: kicheko kimfikie kila mtu.

Wapo watakaosema afadhali tamthilia hii iachwe. Hoja yao ina uzito. Mwaka 1943, chini ya Wanazi, ilichezwa katika ukumbi wa Burgtheater, Vienna, kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi. Lakini kuificha hakuondoi kicheko kile. Kunakiacha kiishi bila kuulizwa swali.

Basi, sikukuu ya msimamizi wa seminari ikikaribia na zamu ya maigizo ikitufikia, tuicheze *Mabepari wa Venisi* nzima, na utani wa Gratiano tusiuruke. Watu wacheke. Halafu tukae nao, mafrateri, walezi na waamini waliokuja, tuulize tulicheka wapi na kwa nini. Siku moja atakuja kwetu mtu anayetaka ubatizo kwa sababu wakwe wameshikilia, au kwa sababu anaogopa kukosa msaada. Padre aliyewahi kukishtukia kicheko chake mwenyewe atamuuliza kwa upole: wewe mwenyewe unataka?